Tafakari ya Juma: Konzi Moja ya Uzi

Somo: Mhubiri 4:4–6

Mistari mitatu tu, na ndani yake mna watu watatu. Mmoja amekunja mikono, amekaa, anajimaliza mwenyewe kwa uvivu. Mwingine konzi zote mbili zimejaa, na anahema. Kati yao yuko mtu ambaye konzi yake moja ina kitu na mkono wa pili hauna kitu, na huyo ndiye Mhubiri anayemwona mwenye heri. Mahubiri niliyoyasikia juu ya somo hili huwaendea zaidi wafanyabiashara na watu wa vikao. Juma hili naomba niwapelekee wanafunzi wetu wa uzamili na uzamivu, na hasa ninyi ambao ndani ya mkoba, chini ya kompyuta na rundo la makala, mna sindano mbili na donge la uzi. Mko wengi kuliko mnavyodhaniana. Wala si akina dada peke yao.

Yupo dada mmoja anayesoma uzamivu hapa Dar es Salaam, ameniruhusu nimseme bila kumtaja. Kwao ni Makete. Ni mhadhiri msaidizi, yuko masomoni kwa ruhusa ya mwajiri wake, na mtoto amebaki kwa bibi huko juu, ambako mwezi wa sita na wa saba baridi haina utani. Yeye huku anafuma sweta la sufu katika chumba cha hosteli, feni ikizunguka kwa kasi ya mwisho, uzi ukimnata vidoleni kwa jasho. Urefu wa mkono wa mtoto ulipimwa na bibi kwa kamba ya katani, ikakatwa, ikatiwa ndani ya kiroba cha viazi na kupandishwa basi. Kamba hiyo sasa ndiyo alama yake kwenye kitabu cha mbinu za utafiti. Akichoka kusoma anaivuta, anailaza juu ya sweta, anaongeza vidole viwili kwa sababu mtoto haachi kukua eti mama yuko shule, kisha anairudisha kwenye ukurasa wake.

Aliniuliza: "Mchungaji, hii kazi niiweke kando mpaka nimalize?" Wanaomshauri aiweke kando ni watu wanaompenda. Mume wake, shangazi yake, na rafiki zake wawili watatu waliokwisha kuvaa joho. Wanamwambia sweta la mtumba lipo Karume, bei ya kupatana, na kesho kutwa linafika Makete. Hoja hiyo haina kasoro yoyote, ila haigusi alichouliza. Angekuwa anatafuta sweta tu, angelinunua siku nyingi.

Masomo haya ya juu yana tabia ambayo asiyeyapitia haioni. Ofisi ina saa ya kufungwa, shamba lina jua linalozama. Tasnifu haizami. Mhubiri huyuhuyu, akikaribia kuufunga ujumbe wake katika sura ya 12, anamwonya kijana kwamba utungaji wa vitabu hauna kikomo na kwamba kusoma kupita kiasi huuchosha mwili. Aliyasema hayo kabla mapitio ya maandiko hayajawa sura ya lazima! Unaandika, unatuma, unangoja. Sura inarudi baada ya miezi ikiwa imejaa maandishi mekundu, au hairudi. Mtu anaweza kufanya kazi juma zima kwa bidii, na Ijumaa akawa na kurasa chache kuliko alizoanza nazo Jumatatu, na hiyo ikawa ndiyo kazi nzuri. Kinachochosha hapo si ugumu peke yake. Ni kufanya kazi bila kuona ulichofanya. Ndiyo maana mikono inatafuta kitu cha kushika: mstari uliofumwa saa tatu usiku upo asubuhi, upo mahali pale pale, na haumngojei mtahini wa nje.

Kwa hiyo sikumwambia aache.

Wapo wanaoutetea ufumaji kwa sababu ya faida zake kwa elimu, na mifano wanayo. Mwaka 1997 Daina Taimiņa, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichoshwa na vielelezo vya karatasi vilivyokuwa rahisi kuchanika, akashika sindano ya kroshia. Alifuma vielelezo vya jiometri ya haipaboli, ile ambayo ndani yake, kupitia nukta moja, unaweza kupitisha mistari mingi isiyokutana kamwe na mstari uliopo. Kila baada ya idadi fulani ya vitanzi aliongeza kimoja, na kitambaa kikaanza kujikunjakunja chenyewe; wanafunzi wakashika mkononi kitu ambacho vizazi vya wanahisabati vilikichora kwa shida. Ni habari nzuri, nami nafurahi kuisimulia. Lakini dada wa Makete hafumi haipaboli. Anafuma mkono wa kushoto. Nikimruhusu afume kwa kuwa kufuma kunatuliza akili, na akili iliyotulia inaandika vizuri, nitakuwa nimeshamgeuza mtoto wake kuwa kifaa cha tasnifu.

Hatari ipo, lakini iko upande mwingine. Katika mstari wa 4 Mhubiri anasema sehemu kubwa ya bidii na ustadi wa watu inatokana na kumtazama jirani. Unaanza na sweta moja la mtoto. Mwenzako wa chumba analiona, naye anataka kofia. Kwenye kikundi cha maombi yupo anayetarajia kujifungua Desemba. Simuni kuna mtu wa ughaibuni amemaliza shali yenye maua kwa siku chache, na wewe unajiona goigoi. Unakwenda Kariakoo kununua uzi wa rangi moja, unarudi na mfuko mzima. Kabla muhula haujaisha una kazi nne zinazoning'inia kwenye sindano, zote zinakudai, mbili kati yake zina tarehe. Usiku wa manane unagundua vitanzi viwili vimeponyoka chini kabisa, karibu na upindo, unafumua mpaka saa nane kwa ghadhabu ileile unayofutia aya. Mtu wa namna hiyo haniambii kwamba anapumzika. Amejiandikisha shahada ya pili bila ufadhili.

Marabi wa kale walikuwa na jicho kali kuliko letu katika jambo hili. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao uliokamilishwa karibu mwaka 200, katika sura ya 7 ya sehemu inayohusu Sabato, inaorodhesha kazi arobaini kasoro moja zisizofanywa siku ya mapumziko. Mna kunyoa manyoya ya kondoo, kuyaosha, kuyatia rangi, kuyasokota. Mna kufuma nyuzi mbili, na kutenganisha nyuzi mbili. Ukiendelea kushuka kwenye orodha unakutana na kuandika herufi mbili, na mara baada yake kufuta ili uandike herufi mbili. Wanafunzi ninaowasomea orodha hii hucheka wakifika hapo, maana wamejiona. Mwandishi na mfumaji wamewekwa benchi moja, na hata marekebisho yamehesabiwa.

Tukumbuke kwamba marabi hawakuziita hizo kazi mbaya. Walizihusisha na kazi zilizojenga Hema la Kukutania kule jangwani, mahali ambapo wanawake wenye ustadi walisokota kwa mikono yao na Bezaleli akajazwa roho kwa ajili ya ufundi. Ni kazi njema, tena takatifu, na ndizo hizo zilizowekwa chini siku ya saba. Sisi hatufungwi na orodha ile. Lakini tunapomwambia mtu aliyechoka na tasnifu, "Pumzika, fuma kidogo," tufahamu kwamba tumempa kazi ya pili. Huenda ni tamu zaidi. Bado ni kazi, na siku ya kupumzika haijafika.

Kuna picha moja ya kale ambayo ningetamani kila mfumaji aliye masomoni aitazame. Ipo Hamburg, Ujerumani, katika jumba la sanaa la Kunsthalle, na ni sehemu ya altare iliyotoka Buxtehude, iliyochorwa karibu mwaka 1400. Huhusishwa na Mwalimu Bertram wa Minden. Maria ameketi, anafuma kanzu ndogo ya mtoto kwa sindano nne, anazungusha shingo. Anayefuma ataelewa mara moja kwamba kwa sindano nne unazunguka bila kuacha mahali pa kuunga. Mchoraji alikuwa akiiwaza ile kanzu ya Yohana 19:23, isiyo na mshono, ambayo askari hawakutaka kuipasua wakaipigia kura. Mbele ya Maria, mtoto Yesu amejilaza majanini na kitabu wazi. Amegeuza kichwa kuwatazama malaika wawili waliokuja na vyombo vya mateso, msalaba ukiwamo.

Sindano na kitabu, pamoja, uani pamoja na malaika. Hakuna anayemwambia mwenzake angoje. Lakini si hapo jicho langu linapokaa. Kando ya mtoto, kwenye majani, mchoraji ameweka pia. Pia ya kuchezea, mfano wa zile ambazo watoto wetu huzizungusha kwa kamba mpaka zinasinzia. Msalaba umeshaingia uani, kanzu ya kifo inakamilishwa shingo, kitabu kiko wazi, na pia ipo. Mchoraji angeweza kuiacha; picha nzima inazungumza mambo mazito, na pia haichangii chochote kwenye mafundisho ya mateso. Aliichora. Mimi naiona kuwa ndiyo ule mkono wa pili wa Mhubiri, mkono ambao hauna kitu. Mtoto wa Mungu alikuwa na saa ya kusoma na saa ya kutofanya la maana lolote.

Tena angalieni, Maria anafuma kanzu moja. Ya mwili mmoja anaoujua urefu wake.

Hivyo ndivyo Dorkasi wa Yafa alivyofanya kazi pia, ukimsoma vizuri katika Matendo 9. Amekwisha kufa, na wajane wanaomzunguka Petro chumba cha juu wanalia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowatengenezea alipokuwa pamoja nao. Luka, ambaye kwingine hapendi kuacha hesabu, safari hii hatuambii zilikuwa ngapi. Kila nguo inayoonyeshwa ina mtu aliyevalishwa, na mtu huyo yupo chumbani. Zile ambazo Dorkasi hakuzimaliza, na mtu wa kazi za mikono hafi bila kuacha kitu nusu, hakuna aliyezileta wala kuzidai.

Basi nilimshauri dada yetu hivi. Abaki na sweta moja, lile la kamba ya katani. Kofia ya mwenzake wa chumba na kazi ya Desemba, ambazo naye amekwisha kuzipokea, azirudishe kwa maneno mazuri. Watu wazima wanaelewa wakiambiwa mapema, na wasipoelewa, mtumba upo. Majuma ya kuwasilisha sura, sweta liingie sandukuni, na asimwombe mtu radhi, hata nafsi yake. Mtoto ana blanketi, na ana bibi. Kisha siku moja katika juma, vyote viwili viwekwe chini, uzi na maandishi. Hapo ndipo alipobisha. Alidhani siku hiyo ingekuwa ya kufuma kwa raha. Nilimwambia hiyo ndiyo siku ya kumpigia mtoto simu akiwa hajashika sindano, kwa maana watoto wanajua mama anapohesabu vitanzi huku akiitikia "eeh, eeh."

Hilo la simu alilikubali haraka. La kurudisha oda bado tunavutana, na sina hakika nitashinda.

Neno la mwisho naliweka kwa wasimamizi mnaosali pamoja nasi, maana mpo na nawaona. Tumezoea kuwahesabia wanafunzi saa wanazopoteza kwenye uzi. Nusu ya uzi huo unafumwa wakiwa wanatungoja sisi wakubwa. Mwanafunzi mwenye maoni mkononi anajua aamke afanye nini. Asiye nayo anakaa kitandani anaanza soksi nyingine. Zipo sura za wanafunzi wa usharika huu zilizolala mezani kwenu tangu kabla ya Kwaresima. Zisomeni, mzirudishe.