DARASA FUPI LA RAMADHANI, SIKU YA 12: UKIITWA KWENYE USAILI



Ndugu yangu uliyeitwa kwenye usaili mwezi huu, mkumbuke Nabii Yusuf (a.s.) mbele ya mfalme wa Misri. Hakujidhalilisha wala hakujikweza. Aliomba asimamie hazina za nchi, akataja sifa mbili tu: ni mtunzaji na ana ujuzi. Zote mbili alikuwa nazo kweli (Surat Yusuf, aya ya 55).

Nawe fanya hivyo. Usiku panga vyeti vyako, piga pasi nguo, soma kazi yenyewe inataka nini. Asubuhi toka mapema, salimia wote kuanzia mlinzi wa getini. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, ila uko tayari kujifunza.

Lakini kutaja uzoefu usiokuwa nao, au kupenyeza bahasha? Hapo tumbo limefunga, ulimi na mkono vinakula mchana. Na mshahara wake ndio utakaowalisha wanao kila mwezi.

Kabla hujaingia, soma dua ya Nabii Musa (a.s.), Surat Taha aya ya 25 hadi 28. Ukikosa nafasi, riziki yako haijapotea. Mwenye kuigawa yupo.

Allah atutakabalie saumu zetu. Aamin.