Masafa ya Watu

Kufunga redio ya mawasiliano kwenye pikapu ni kazi ya nusu siku ukiwa na haraka, na ya siku nzima ukiwa na adabu. Sehemu kubwa ya adabu hiyo iko kwenye waya. Waya wa chanya unautoa betrini moja kwa moja, siyo kwenye swichi ya ufunguo wala kwenye tundu la kuwashia sigara, na fyuzi unaiweka karibu kabisa na betri. Wateja wengi hushangaa hapo. Wao wangeiweka jirani na redio, kwa sababu redio ndiyo iliyowagharimu pesa. Lakini fyuzi ile inaulinda waya. Waya ukichubuliwa na bati pale unapovuka kutoka kwenye injini kuingia ndani, na fyuzi yako iko chini ya dashibodi, hakuna kitakachouzuia moto. Kwa hiyo fyuzi inakaa mwanzoni, na tundu la kupitishia waya linavishwa mpira.

Halafu inakuja antena. Kwa masafa ya megahezi 150 au karibu na hapo, fimbo ya antena fupi ya kawaida ina urefu wa takriban nusu mita, na mahali pake pazuri ni katikati ya paa, maana bati linaloizunguka ndilo nusu yake ya pili. Arusha jambo hili lina mgogoro wake. Gari nyingi za watalii unazoziona zikishuka barabara ya Njiro zilizaliwa pikapu: gereji za hapa mjini hukata chesisi ya Land Cruiser, huirefusha, na kujenga bodi yenye viti na paa linaloinuka ili mgeni asimame apige picha. Ukitoboa paa linaloinuka, utakuwa umeikata redio yako mguu. Basi antena inahamia pembeni, kwenye bampa au ubavuni mwa boneti, na gari linakuwa na upande mmoja linaosikia vizuri na upande mwingine linaosikia kwa shida, kama mzee aliyepigwa kofi utotoni. Unapima mawimbi yanayorudi, unakata fimbo milimita chache, unapima tena. Ukikata kupita kiasi, unanunua fimbo nyingine.

Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na kuna jambo ambalo vipimo vyenyewe vinakufundisha. Redio ya wati 25 ikisema, inavuta ampea tano au sita; ukishika waya wakati mwenye gari anaongea sana unausikia ukipata joto. Ikisikiliza, haivuti hata ampea moja. Inaweza kusikiliza usiku kucha na asubuhi gari likawaka. Tunaiita chombo cha kuongelea, lakini muda wake karibu wote ni sikio. Na anayesema hujulikana: sauti yake inafika kwa kila aliye kwenye masafa yale, na wenzake wanamtambua kabla hajamaliza kukohoa. Anayesikiliza haachi alama yoyote. Hakuna kifaa duniani kitakachokuambia ni watu wangapi wamekusikia.

Swali langu limetoka hapo. Kusikiliza maneno ya watu yaliyorushwa hewani, tena bila wao kujua, ni wizi?

Kwa asiyejua mambo ya mbugani, ni hivi. Kampuni ya utalii inaomba masafa yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inalipia leseni, na magari yake yote yanawekewa masafa hayo. Dereva mwongoza watalii akimwona chui juu ya mgunga, anabonyeza kitufe na kuwaambia wenzake. Huwa hasemi chui. Anasema kwa mafumbo, kwanza ili wageni walioko garini wasipate matumaini wakafika wakakuta tawi tupu, na pili kwa sababu kila dereva anajua upepo una masikio. Ndani ya dakika ishirini magari manne yako chini ya mti. Mgeni aliyelipa maelfu ya dola amemwona chui, na jioni bahasha ya dereva inakuwa nene.

Sasa kaka mmoja alileta gari lake kwangu. Ana gari moja tu, ni lake, ameongoza wageni miaka mingi kwa ajira za watu kabla ya kujitegemea. Redio alikuwa nayo na karatasi ya masafa yake pia, kila kitu kihalali. Wakati namalizia kuingiza masafa kwa kompyuta akainama dirishani.

“Fundi, ukimaliza hizo zangu, niwekee na za wale.”

“Za wale wapi, kaka?”

“Wale wakubwa. Sitasema neno. Nasikiliza tu.”

Nikamwambia hayo ni masafa ya watu. Akacheka. “Upepo una mwenyewe? Ukigombana na shemeji mpaka sauti ikatoka nje ya ukuta, na mimi napita, nimekuibia nini?” Kisha akaacha kucheka, akaniambia jambo ambalo sijaweza kulipuuza hadi leo. Wale wana magari thelathini. Macho thelathini yametapakaa porini na yanaambiana. Yeye ana macho yake mawili. Mgeni wake naye amelipa kiingilio kilekile cha hifadhi. Chui si wa kampuni.

Ni kweli, chui si wa kampuni. Sheria inaweza kunipa jibu la haraka: ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda mawasiliano binafsi ya mtu, na sheria ya mawasiliano ya kielektroniki ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kunasa mawasiliano ya wengine bila idhini. Kwa fundi mwenye familia hiyo ingetosha. Lakini jibu la sheria linaniambia nitakachofanywa nikikamatwa, na katika jambo hili hakuna anayekamatwa. Ndiyo maana swali ni la maadili hasa.

Wale waliosoma falsafa chuoni watamtaja Immanuel Kant: jiulize ingekuwaje kila mtu angefanya hivyo. Kila dereva angesikiliza tu, hakuna ambaye angesema, na redio zote za nchi zingekoroma kimya. Ni jibu zuri, lakini huyu kaka angelivunja kwa urahisi. Angesema: nipeni nafasi ya kusema, nitasema. Hakuchagua kuwa bubu; bubu amefanywa na wenye masafa, ambao hawamtaki kwenye baraza lao. Mtu aliyefungiwa nje ya baraza unamlaumuje kwa kusikiliza mlangoni?

Kiswahili kilikuwa na neno la kazi hii muda mrefu kabla ya kompyuta. Kudukua ni kusikiliza kwa siri mazungumzo ya watu. Siku hizi tumelihamishia kwa wavamizi wa akaunti, na vijana wengi hawajui kwamba mdukuzi wa kwanza alikuwa na sikio tu na ukuta. Neno lile halimhusu mpita njia. Anayepita akasikia ugomvi wangu naweza kumwona, na kesho nikikutana naye dukani najua kwamba anajua. Nitanyamaza au nitamweleza. Mdukuzi amepachika sikio na kuliacha pale. Tofauti haiko kwenye alichosikia, maana wote wawili wanaweza kuwa wamesikia sentensi ileile.

Kuna mfano wa karibu na hapa. Mwaka 1957 Michael Wood, daktari wa upasuaji aliyekuwa na shamba upande wa Kilimanjaro, alianzisha pamoja na wenzake huduma ya madaktari wa ndege ambayo leo tunaiita Amref. Baadaye ndege ziliunganishwa na redio: hospitali za misheni na zahanati za mbali ziliita Nairobi, zikaeleza hali ya mgonjwa, zikapewa ushauri au ndege. Fikiria maana yake. Homa, damu na uchungu wa mama anayejifungua, yote yalipita mahali ambapo kituo chochote chenye redio wazi kingeweza kusikia. Kwa kipimo chetu cha leo cha siri za mgonjwa ni balaa. Lakini kila aliyeshika maiki alijua kwamba wengine wapo, na waliosikiliza walikuwa ndio haohao ambao kesho wangeita. Sikio la mwingine lilikuwa sehemu ya huduma. Nadhani hakuna aliyedukuliwa pale, ingawa wote walisikiwa.

Kwa hiyo naanza kuona kile kinachochukuliwa. Chui yuko palepale, na taarifa ya chui haipungui ikigawanywa, ingawa chui mwenyewe angependelea igawanywe kidogo. Magari kumi na mbili chini ya mti mmoja si heshima kwa mnyama. Kinachochukuliwa ni uwezo wa msemaji kujua anaongea na nani. Na hasara yake haionekani siku hiyohiyo. Madereva wakihisi kuna sikio la ziada, mafumbo yanakuwa mazito. Yakifumbuliwa, wanabadilisha. Mwishowe hawasemi kabisa, wanatumiana ujumbe wa simu pale penye mtandao, na pasipo na mtandao kila mtu na lwake. Habari za faru zinatuonyesha jambo hilohilo kwa sura nyingine: zipo habari ambazo mtu mwenye akili hazirushi hewani kamwe, kwa kuwa hajui bunduki ya nani inasikiliza. Kila mdukuzi, hata mwenye njaa halali, anauongezea upepo sehemu ya hofu hiyo.

Lakini siwezi kuishia hapo, kwa sababu kuna njia ya zamani ya madereva ambayo naiona ni bora kuliko redio yoyote niliyofunga. Magari mawili yanakutana kwenye vumbi, yanasimama ubavu kwa ubavu, vioo vinashuka. “Umeona nini huko?” Hapo huwezi kuchukua bila kutoa, maana uso wako uko dirishani. Ukidanganya kuhusu simba leo, kesho hakuna atakayekupunguzia mwendo. Aliye na gari moja na aliyeajiriwa na wenye thelathini wanapimana sawasawa. Redio ilipokuja ikabeba habari mbali zaidi na ikaacha nyuma kile kioo kinachoshushwa. Kampuni zenye masafa yao zina haki ya kuyalinda, sibishi. Ninachobisha ni madai kwamba haki hiyo haimgharimu mtu.

Niliingiza masafa yaliyokuwa kwenye karatasi yake, basi. Nilimwambia sababu, kwa ufupi zaidi ya nilivyoandika hapa, naye alinisikiliza kwa heshima ya mtu ambaye hajashawishika. Tukatoka kwenda kujaribu, mimi nimebaki na redio ya mezani gereji, yeye anaelekea barabara ya Namanga. Sakina alisikika safi. Ngaramtoni safi. Kuelekea Oldonyo Sambu sauti ikaanza kukatika, kisha ikapotea. Mita 4,566 za Meru zilikuwa zimekaa katikati yetu, na mawimbi haya hayapindi mlima. Aliporudi alizima injini akakaa kidogo mkono ukiwa kwenye usukani.

“Fundi. Nikikwama usiku kule kwenye tope, mgeni wangu anaumwa, hao wakubwa wanapita kilomita mbili kutoka nilipo. Watanisikia?”

Nikamwambia ukweli. Kwa masafa haya, hapana.

Akatikisa kichwa kana kwamba nimesoma kipimo alichokijua tayari. Tukaandika barua palepale juu ya boneti, kwa kampuni tatu, kuomba aruhusiwe kuwa kwenye masafa yao kwa dharura, kwa jina lake na namba ya gari, ili wajue yupo. Ni miezi minne sasa. Kampuni moja imejibu: inauliza ana magari mangapi.