Kiti cha zamu ya tisa

Sevu, katika besiboli ya Marekani, ni hesabu anayoandikiwa mrushaji anayemaliza mchezo huku akiulinda ushindi wa timu yake. Masharti yake yanafanana na ya karani wa forodha. Mrushaji huyo asiwe ndiye aliyeandikiwa ushindi wenyewe. Kisha ama aingie timu yake ikiongoza kwa mikimbio isiyozidi mitatu na amalize angalau zamu moja nzima. Ama aingie wakati mpinzani anayeweza kusawazisha yuko kwenye kituo, anapiga, au ndiye anayefuata kupiga. Ama arushe vizuri kwa zamu tatu au zaidi. Hakuna sharti linalouliza wapigaji aliokutana nao walikuwa wakali kiasi gani. Mrushaji anayezima moto zamu ya saba, vituo vyote vikiwa vimejaa wapinzani, hapati sevu. Anayeingia zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, akiwa na mikimbio mitatu ya akiba, mbele ya wapigaji dhaifu, anaipata.

Aliyeibuni hesabu hii ni Jerome Holtzman, mwandishi wa michezo wa Chicago, na alikuwa na sababu ya haki. Mwaka 1959 Elroy Face wa Pittsburgh alimaliza msimu akiwa na ushindi 18 na kushindwa mara moja tu. Holtzman aliona kwamba baadhi ya ushindi huo ulipatikana baada ya Face mwenyewe kupoteza uongozi aliokabidhiwa, kisha wapigaji wenzake wakamkomboa. Alitaka kipimo kitakachowatendea haki warushaji wanaoingia mwishoni. Kipimo hicho kikawa takwimu rasmi ya ligi kuu mwaka 1969, na masharti yake yakarekebishwa miaka michache baadaye.

Kutoka hapo sevu iliingia katika mchezo mwingine kabisa. Kabla ya msimu wa 1980, Daniel Okrent na rafiki zake wa New York waliunda ligi ya kubuni, yaani ya fantasi, na kuipa jina la mkahawa wa Manhattan walikokuwa wakikutana, La Rôtisserie Française. Kila mwenye timu alipewa dola 260 za kununulia wachezaji 23 mnadani, na timu zikashindanishwa kwa takwimu nane za wachezaji halisi: nne za wapigaji, nne za warushaji. Sevu ilikuwa mojawapo. Baadaye ligi nyingi ziliongeza takwimu mbili zikawa kumi. Msomaji aliyezoea fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza atambue tofauti moja kubwa: huko mamilioni ya watu wanaweza kuwa na mshambuliaji yuleyule kwa wakati mmoja, lakini katika ligi hizi za besiboli mchezaji ana mwenyewe mmoja tu. Ukimkosa, umemkosa.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Katika ligi ya timu 12 yenye takwimu kumi, anayeongoza kwa sevu hupata pointi 12 na wa mwisho hupata 1, sawasawa na katika takwimu nyingine yoyote. Lakini mikimbio na mapigo hutoka kwa wapigaji wote wa kikosi, ilhali sevu hutoka kwa watu wawili au watatu, ambao kila mmoja hurusha zamu sitini au sabini hivi kwa msimu mzima wa michezo 162. Hakuna mahali pengine katika mchezo huu ambapo mambo mengi hutegemea kazi chache namna hiyo.

Mrushaji wa kumalizia, anayeitwa kloza, hakuwa daima mtu wa zamu moja. Zamani aliitwa wakati wowote hatari ilipozuka, na aliweza kurusha zamu mbili au tatu. Mabadiliko yalionekana wazi Oakland, kocha mkuu Tony La Russa alipomtenga Dennis Eckersley kwa ajili ya zamu ya tisa. Eckersley alipata sevu 45 mwaka 1988 na 51 mwaka 1992, mwaka ambao pia alitunukiwa tuzo ya mrushaji bora na ya mchezaji bora wa ligi yake. Timu nyingine zikaiga. Kazi ikageuka cheo, chenye kiti chake kimoja katika kila timu. Hata makocha wakongwe walinaswa na mantiki ya kiti hicho. Oktoba 2016, huko Toronto, Buck Showalter wa Baltimore alikuwa na Zack Britton, aliyepata sevu 47 bila kukosa hata moja msimu huo. Mchezo ulikuwa wa mtoano, matokeo ni sare, na Britton akawekwa akisubiri uongozi wa kulinda. Uongozi haukuja. Edwin Encarnación wa Toronto aliupeleka mpira nje ya uwanja katika zamu ya 11, na Baltimore wakarudi nyumbani bila mrushaji wao bora kurusha hata mpira mmoja.

Basi mwenye timu ya fantasi anaponunua kloza, hanunui mkono wa mrushaji peke yake. Ananunua pia uamuzi wa mtu asiyemjua, kocha wa mji wa mbali, ambaye anaweza kuubadilisha Jumanne jioni bila kumwuliza mtu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu anayetegemewa hata ndugu si ndugu.

Maisha ya David Robertson yanalieleza jambo hili kuliko kanuni yoyote. Mwaka 2012 alikuwa mrushaji wa zamu ya nane wa New York Yankees, nyuma ya Mariano Rivera, bingwa wa sevu wa nyakati zote. Tarehe 3 Mei, huko Kansas City, Rivera aliumia goti akidaka mipira ya mazoezi kabla ya mchezo, na msimu wake ukaishia hapo. Mrithi alikuwa anajulikana, na mwenye timu ya fantasi aliyekuwa na Robertson benchi alionekana ameokota dhahabu. Siku chache baadaye Robertson naye aliumia. Kiti kikaenda kwa Rafael Soriano, ambaye hakukiachia tena na akamaliza mwaka na sevu 42.

Robertson alikipata mwaka 2014, Rivera alipokwisha kustaafu, akaandikisha sevu 39. Akahamia Chicago White Sox akiwa kloza kamili. Julai 2017 White Sox, timu iliyokuwa ikijijenga upya, ilimrudisha New York, ambako Aroldis Chapman alikuwa ameshakalia kiti. Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa makini. Robertson alirusha vizuri kuliko alivyorusha Chicago. Wastani wa mikimbio aliyoruhusu kwa kila zamu tisa ulikuwa 1.03. Sevu alizopata ni moja. Uwezo ulipanda, cheo kikaondoka, na katika daftari la fantasi thamani yake ikaanguka karibu yote. Mwaka 2022 alipata sevu 14 akiwa na Chicago Cubs kabla ya kuuzwa Philadelphia, ambako kazi hiyo iligawanywa. Mwaka 2023, akiwa New York Mets, nafasi ilimfungukia kwa sababu ya ajali ya mtu mwingine tena: kloza wao Edwin Díaz aliumia goti mwezi Machi akishangilia ushindi wa Puerto Rico katika mashindano ya dunia. Robertson akashika kiti, akapata sevu nyingine 14, na Julai akauzwa Miami, ambako muda si mrefu kiti kilihamia kwa Tanner Scott. Mtu mmoja, mkono mmoja, na mara tatu ametolewa kitini na mkataba wa mauzo.

Maamuzi ya kikosi yanapaswa kufuata ukweli huo. Mnadani, njia yenye busara ni kumlipia kloza mmoja ambaye timu yake ina mkataba mrefu naye na haina sababu ya kumuuza, kisha kutafuta wa pili kwa bei ndogo, katika timu ambayo kiti chake bado kinagombewa. Kulipa bei kubwa kwa wawili ni kujifunga kwa jambo lisilo mkononi mwa mnunuzi. Kloza wa timu dhaifu ananunulika, kwani hata timu inayoshindwa mara nyingi huwa na michezo ya kulindwa. Lakini anunuliwe kwa kukumbuka kwamba mwisho wa Julai, soko la wachezaji linapofungwa, yeye ni wa kwanza kuulizwa bei.

Msimu ukishaanza, kazi kubwa ni kusoma dalili. Maneno ya kocha kwa waandishi yana uzito mdogo kuliko matumizi yake. Ni nani aliyeingia zamu ya nane timu ikiongoza kwa mkimbio mmoja? Nani alipumzishwa siku mbili kisha akawa wa kwanza kupasha mkono? Ni nani anayetumwa kukabili wapigaji wakali, hata kama si zamu ya tisa? Katika ligi nyingi wachezaji huru hununuliwa kwa zabuni ya siri kutoka akiba ya dola 100 za kubuni kwa msimu wote. Habari ya kloza kuumia husababisha zabuni kubwa usiku uleule. Aliyemwaga akiba yake kwa Robertson Mei 2012 alibaki mikono mitupu; aliyebakiza kidogo alikuwa na nafasi ya kumpata Soriano. Kumweka mrithi benchi kabla ya habari kuna gharama ndogo zaidi, japo nafasi za benchi ni chache na kila moja ina wivu wake.

Kuachilia ni kugumu kuliko kununua. Mwaka 2018 Díaz alikuwa na sevu 57 Seattle. Mwaka uliofuata, akiwa na Mets, alipata 26 tu na kuruhusu wastani wa mikimbio 5.59, na mrushaji wa namna hiyo hudhuru pia takwimu nyingine za timu, siyo sevu peke yake. Waliomlipia ghali walimng'ang'ania kwa sababu ya bei, ingawa dola za mnada zilikuwa zimeshakwenda na hakuna wiki ambayo zingerudi. Hata hivyo mwaka 2022 mtu huyohuyo alirusha kwa wastani wa 1.31 na kuwa mrushaji wa kumalizia anayeogopwa kuliko wote. Swali la kujiuliza kila Jumapili ni kama mkono umeharibika au ni bahati ya wiki tatu: kasi ya mpira imepungua? Wapigaji bado wanaukosa? Majibu ya maswali hayo ni ya kweli kuliko risiti ya mnada.

Wapo wanaoamua kuitupa takwimu ya sevu kabisa, wakakubali ile pointi 1 na kuwabadilisha makloza wao wote kwa wapigaji mwezi Juni. Ni njia halali, na ina heshima yake ikifanywa mapema na kwa hesabu. Ikifanywa Agosti kwa hasira huwa ni hasara, kwa kuwa katikati ya msimamo timu nyingi hukaribiana, na sevu tatu za wiki moja ya Septemba zinaweza kupandisha nafasi mbili au tatu.

Ligi nyingine zimeamua kuhesabu pamoja na sevu kazi ya mrushaji anayekabidhiwa uongozi kabla ya zamu ya tisa na kuupokeza ukiwa salama. Hapo bei za makloza hushuka mnadani, na mrushaji hodari wa zamu ya nane hununuliwa kwa anachorusha.