Je, Mtoto Asimuliwe Habari za Wakimbizi?

Wasomaji, liko swali ambalo walimu na wazazi hatuna budi kulitafakari: je, yafaa kuwasimulia watoto habari za watoto wenzao waliofukuzwa kwao, au tuwafiche mpaka wawe watu wazima? Wengi husema moyo wa mtoto ni kama chungu kibichi, usitiwe motoni kabla haujakauka. Neno hilo lina kweli ndani yake, lakini si kweli yote.

Judith Kerr alizaliwa Berlin mwaka 1923. Baba yake, Myahudi, alikuwa mwandishi aliyempinga Hitler waziwazi. Kwa hiyo mwaka 1933 jamaa yote ilikimbia Ujerumani, ikapitia Uswisi na Ufaransa, hata ikafika Uingereza. Mwaka 1971 Judith alitoa kitabu cha watoto, When Hitler Stole Pink Rabbit. Msichana Anna, wa miaka 9, anaambiwa achukue kitu kimoja tu cha kuchezea. Anamchukua mbwa mpya wa manyoya, anamwacha sungura wake wa zamani, akidhani watarudi upesi. Hawarudi, na mali yao inatwaliwa.

Wako wamlaumuo mwandishi kwamba amepunguza uzito wa mambo, maana watoto wa Kiyahudi wapatao milioni moja na nusu waliuawa kabla vita haijaisha mwaka 1945. Lawama hiyo ni nzito, wala siitupi. Lakini mauti imo kitabuni. Rafiki yao Julius, aliyebaki Berlin, anaondolewa kazini, kisha ananyang'anywa hata cheti cha kuingia bustani ya wanyama aliowapenda, mwisho anajiua. Tena, mtoto hawezi kupima milioni. Sungura mmoja aweza kumpima. Mama atokaye kuni humtwika mwanawe ukuni mmoja, wala hamwambii kwamba kuni hazina uzito.

Limebaki jambo gumu zaidi, nalo latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki, tuliopokea wakimbizi wengi, hasa baada ya mwaka 1994. Pengine darasani ameketi mtoto ambaye kwake habari hizi si hadithi. Mwingine hufarijika kujiona kitabuni, mwingine hutetemeka. Basi mwalimu akisome kitabu kwanza peke yake, amwendee mtoto huyo kwa faragha, na akitaka kutoka nje wakati wa kusoma, amruhusu. Wala asimsimamishe mbele ya wenzake aeleze ya kwao.