Musa Alipomlalamikia Bwana

Somo: Hesabu 11:1-17

Katika sura hii kuna jambo ambalo wengi tunalisoma mbio na kulipita. Waisraeli wanalalamika, na moto unawaka pembeni ya kambi, mahali pale pakaitwa Tabera. Kisha Musa naye analalamika, tena kwa maneno makali kuliko yao. Anamwuliza Mungu kwa nini amemtesa. Anamwuliza kama ni yeye Musa aliyewachukulia mimba watu hawa wote, hata awabebe kifuani. Mwishoni anaomba afe. Je, moto ulimshukia? Hapana. Alipewa wazee 70 wa kubeba mzigo pamoja naye.

Angalieni kila mmoja alipeleka wapi maneno yake. Watu walilia milangoni pa hema zao, wakikumbuka samaki na matango ya Misri. Hata moto ulipowaka walimlilia Musa. Musa yeye alikwenda kwa Bwana mwenyewe.

Na sisi je? Kanisani tunasema, "Asante Baba, yote ni mema." Tukifika sokoni tunasema yaliyo moyoni. Mama amezika watoto wawili, ndugu amekimbia shamba lake Masisi au Rutshuru, naye anaambiwa anyamaze, eti kulia ni kukosa imani. Lakini hasira iliyofungiwa haifi, inatafuta mlango mwingine. Inampata mke. Inampata mtoto yatima, anaitwa mchawi, analala nje. Sheria ya 2009 ya kulinda mtoto inakataza jambo hilo, na bado linafanyika, mara nyingine (niseme wazi) katika vyumba vya maombi. Swali lile lilikuwa la Mungu. Kwa nini ajibu mtoto wa miaka saba?

Someni Zaburi ya 88 nyumbani. Haina shukrani, na inaishia gizani. Wazee wa zamani hawakuiondoa katika kitabu, waliiimba.

Basi nanyi mashemasi, kumbukeni kuhani Eli aliyedhani Hana amelewa, kumbe alikuwa anamwaga uchungu wake mbele za Bwana. Mama akipaza sauti katika maombi ya usiku akiuliza kwa nini, msianzishe wimbo ili kumfunika. Mwacheni amalize, hata kama ni kesha zima.