Mchezo wa Angani na Wajibu wa Kusema Kweli

Je, mtu ana haki ya kuuhatarisha uhai wake kwa ajili ya mchezo tu? Hatusemi juu ya mtu anayemwokoa mtoto katika nyumba iwakayo moto, wala juu ya mvuvi anayeikabili bahari ili jamaa yake wale. Twasema juu ya mchezo, juu ya furaha ya Jumamosi alasiri. Swali hili ni la zamani, nasi leo twataka kulitazama kwa njia ya mchezo mmoja ambao wasomaji wetu wengi hawajauona kwa macho yao, yaani kuruka kwa ndege zisizo na injini, ambazo wenyewe huziita glaida. Twauchagua kwa makusudi. Ndani yake hamna mshahara, hamna barua za kupelekwa, hamna abiria anayengojewa mahali. Anayepanda hupanda kwa kupenda, na akianguka hakuna wa kulaumiwa kwamba alimtuma.

Kwanza yafaa tueleze jinsi chombo hicho kinavyokwenda. Glaida ni ndege nyepesi yenye mabawa marefu na membamba. Huvutwa juu ama na ndege yenye injini, ama kwa waya mrefu unaovutwa na winchi iliyowekwa mwisho wa kiwanja. Ikifika juu huuachia waya, na tangu hapo haina nguvu yake yenyewe. Hushuka polepole, kama baiskeli inayoteremka mlima bila kukanyagwa. Ila rubani stadi hutafuta mahali ambapo hewa iliyopashwa moto na jua inapanda, naye huzunguka humo humo na kupanda pamoja nayo. Ndivyo wafanyavyo tumbusi wetu. Mwaka 1972 mtaalamu Mwingereza, Colin Pennycuick, alichapisha habari za ndege wa Afrika ya Mashariki aliowafuata angani kwa glaida yenye injini ndogo, akazunguka nao katika mikondo ile ile ya hewa. Basi mchezo huu si mgeni kabisa kwetu. Walimu wake wanaruka juu ya vichwa vyetu kila siku.

Hata yule ambaye twaweza kumwita baba wa mchezo huo alifundishwa na ndege ambao sisi pia twawajua. Otto Lilienthal, Mjerumani, tangu utoto wake alikuwa akiwachunguza korongo weupe, wale wanaoikimbia baridi ya Ulaya na kuja mpaka nyika zetu. Mwaka 1889 alitoa kitabu juu ya namna ndege wanavyoruka, na kuanzia mwaka 1891 akaruka mwenyewe kutoka vilimani, mara zipatazo elfu mbili, akining'inia chini ya mabawa aliyoyatengeneza na kuyaongoza kwa kuupeleka mwili wake huku na huku. Tarehe 9 Agosti 1896, katika vilima vilivyo karibu na Rhinow, upepo uliinua pua ya chombo chake, mabawa yakaacha kubeba, naye akaanguka kutoka urefu wa mita kama 15. Alifariki kesho yake mjini Berlin, akaacha mke na watoto wanne.

Juu ya jiwe la kaburi lake pamechongwa maneno ya Kijerumani yenye maana kwamba sadaka hazina budi kutolewa. Husimuliwa kuwa ndiyo maneno yake ya mwisho, ingawa wapo wanahistoria wasiosadiki. Sisi maneno hayo hatuyapendi, hata yangekuwa yake. Sadaka hutolewa na mtu ajuaye anatoa nini na anampa nani. Siku ile Lilienthal hakwenda kutoa sadaka. Alikwenda kuruka, akitumaini kurudi nyumbani kwake. Kuiita ajali sadaka ni kuifunika kitambaa kizuri, watu wasije wakauliza imetokana na nini.

Miaka mitatu baadaye ilikuwa zamu ya Percy Pilcher, Mwingereza kijana aliyekuwa amekwenda Ujerumani kujifunza kwa Lilienthal. Tarehe 30 Septemba 1899 alikuwa amewaalika watu katika shamba la Stanford Hall waje kukitazama chombo chake kipya chenye injini. Injini ikaharibika kabla ya siku. Wageni walikuwa wamekwisha kufika, wenye vyeo na wenye fedha za kumsaidia, na hali ya hewa ilikuwa mbaya. Pilcher hakutaka waondoke bila kuona kitu. Akapanda glaida yake ya zamani. Ufito wa mkiani ukakatika angani, akaanguka, akafariki baada ya siku mbili. Alikuwa na umri wa miaka 32. Twamwombea msomaji asipite haraka hapa. Kilichomrusha kijana huyu siku ile kilikuwa heshima kwa wageni, na hofu ya kuonekana kuwa ameshindwa. Ni nani kati yetu asiyeijua hofu hiyo?

Sasa watazame ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright. Habari za kifo cha Lilienthal ndizo zilizoiamsha upya hamu yao ya kuruka. Lakini hawakuzipokea kama hadithi ya shujaa, walizipokea kama hesabu iliyokosewa mahali fulani. Waliuliza kwa nini mabawa yaliacha kubeba, kwa nini uzito wa mwili haukutosha kuuongoza mtambo. Wakaweka usukani wa kuinua na kushusha pua mbele ya mabawa, wakachagua mchanga laini wa Kitty Hawk, wakaruka chini chini dhidi ya upepo. Katika mwaka 1902 peke yake waliruka mara mamia kwa glaida, kabla ya kuthubutu kutia injini mwezi wa Desemba 1903. Mwaka 1900 Wilbur alimwandikia baba yake, aliyekuwa askofu wa madhehebu moja ya huko, kwamba mtu atakaye kuishughulikia kazi hiyo muda wa kutosha hata ajifunze kitu cha hakika, haimpasi kujitia katika hatari. Na kwamba uzembe na kujiamini kupita kiasi kwa kawaida hudhuru zaidi kuliko hatari ambayo mtu ameipima na kuikubali. Twaona katika barua hiyo jibu la nusu ya swali letu. Hatari iliyopimwa ni jambo moja, na hatari iliyofumbiwa macho ni jambo jingine.

Nusu ya pili ni hii: nani anaruhusiwa kujua kipimo hicho?

Katika vilabu vya glaida umekuwapo usemi mmoja unaopendwa sana. Mgeni akiuliza kama mchezo ni wa hatari, huambiwa kwa kicheko ati sehemu yenye hatari zaidi ni safari ya motokaa kutoka nyumbani hadi kiwanjani. Mjerumani Bruno Gantenbrink, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo, aliushambulia vikali usemi huo katika hotuba ya miaka ya 1990 ambayo imesomwa na marubani wa nchi nyingi. Hoja yake haikuhitaji elimu kubwa. Hakumjua mwenzake hata mmoja aliyekufa barabarani akienda kiwanjani. Waliokufa ndani ya glaida aliwajua wengi mno, na baadhi yao walikuwa mabingwa.

Sisi twaongeza neno. Usemi huo si mzaha usio na madhara. Mwanafunzi anayeambiwa hivyo hupewa ruhusa ya kutoogopa kitu kinachostahili kuogopwa. Mke anayeambiwa hivyo hunyimwa haki ya kujua mumewe anakwenda wapi. Mtu aweza kuuweka uhai wake katika hatari ndogo kwa ajili ya jambo jema, na furaha safi ya kuruka ni jambo jema, hatuna ubishi; lakini hawezi kukubali kitu alichofichwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua, na katika mchezo huu kilio hicho kimesikika mara nyingi mno.

Na maradhi yenyewe yanajulikana. Bawa hubeba kwa sababu hewa hulipitia kwa mwendo wa kutosha na kwa pembe inayofaa. Rubani akiwa chini, akauona uwanja bado u mbali na ardhi inamkaribia, mkono wake huuvuta usukani nyuma kwa hofu ili kuinua pua. Mwendo hupungua, akiwa katika kugeuka, bawa moja huacha kubeba kabla ya mwenzake, na ndege huzunguka kama pia. Katika mita 1,000 jambo hilo husahihishwa kwa utulivu, nalo hufundishwa. Katika mita 100 hamna nafasi ya kulisahihisha.

Lakini mbona alikuwa chini hivyo? Mara nyingi jibu halimo katika mita zile 100. Limo nusu saa nyuma, pale alipopita juu ya shamba pana lililokwisha vunwa, akaweza kutua humo salama, akakataa. Kutua shambani maana yake ni kuwapigia wenzake simu waje na trela, kumwomba radhi mwenye shamba, na kusikia kicheko jioni. Wazee wetu walijua habari za kicheko hicho: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipoandika juu ya ushujaa, alihesabu kukosa hofu kuwa ni kilema, sawa na vile woga ulivyo kilema. Tena alifundisha kwamba tendo kuu la ushujaa ni kustahimili kuliko kushambulia. Rubani anayeustahimili mzaha wa wenzake kwa sababu ametua mapema katika makapi ya ngano, huyo kwa kipimo hicho ndiye shujaa wa siku.

Zipo ajali nyingine ambazo chanzo chake ni kidogo hata huaibisha kukitaja. Glaida nyingi hubebwa kwa trela mabawa yakiwa yamefunguliwa, na kuunganishwa kiwanjani. Imetokea marubani wakapaa na usukani wa mkia haujashikana na mkono wao, kwa kuwa kazi ilikatizwa: mtu alikuja kusalimu, au simu ililia. Salamu ni jambo jema, lakini kwa anayeunganisha bawa ingojee. Sasa imekuwa desturi mwenzake akishike kwa mkono kila kipande kinachocheza, naye rubani asukume usukani, ijulikane kwamba vimeshikana kweli.

Je, kusema kweli kwasaidia kitu? Chama cha glaida cha Uingereza kilianza mwaka 2005 kazi ya kupunguza ajali za winchi. Kilikusanya habari za ajali za miaka mingi na kuzitenga kwa namna zake, kikapeleka mafundisho kwenye vilabu. Bawa likigusa nyasi kabla hujapaa, achia waya papo hapo. Usipande kwa ukali kabla ya kupata mwendo. Waya ukikatika, shusha pua kwanza, ngoja mwendo urudi, ndipo uamue pa kutua. Katika miaka iliyofuata vifo na majeraha makubwa ya namna hiyo vilipungua sana. Na mafundisho hayo hayakuwa siri. Wazee wa mchezo walikuwa wakiyajua. Kilichoongezeka ni kuhesabu waliokufa bila kuona haya, na kulisema jambo lile lile kwa kila mtu.

Hapa lazima tukiri kwamba ipo shida. Mjane akisoma katika taarifa kwamba rubani alikosea, yule rubani ni mumewe. Twafahamu kwa nini rafiki zake wangependa kusema kwamba ni bahati mbaya tu, au ni mapenzi ya Mungu, wakanyamaza. Huo ni upendo, lakini ni upendo unaomsahau kijana atakayepanda glaida ile ile mwezi ujao. Taarifa njema haimhukumu marehemu. Haiulizi alikuwa mtu wa namna gani, huuliza aliona nini, alifanya nini, na kwa nini wakati ule lilionekana kwake kuwa jambo la akili. Imeandikwa hivyo, mjane aweza kuisoma, wala jina la mumewe halichafuki.

Katika Uingereza na Ujerumani kijana wa miaka 14 aweza kuruka glaida peke yake. Maana yake yupo baba au mama anayesimama ukingoni mwa kiwanja, anamtazama mtoto akifungwa mikanda. Kama mzazi huyo angetuuliza, hatungemwambia amkataze wala amruhusu. Tungemwambia amwendee mwalimu kabla ya siku hiyo, amuulize: mara ya mwisho mtu kuumia hapa ilikuwa lini, kwa sababu gani, na baada yake mlibadili nini? Mwalimu akicheka na kuanza habari za motokaa na barabara, mzazi na amrudishe mtoto nyumbani siku hiyo hiyo. Mwalimu akivuta kiti, akaleta daftari la klabu na kuanza kusimulia, na wakae wamsikilize hadi mwisho, mzazi na mtoto pamoja.