Nyumba Ni Yangu, Udongo Ni wa Nani?

Watu wa mji wetu wa Kisangani huuliza mara nyingi neno moja, nalo lastahili jibu: "Mungu ameumba ardhi bure, mbona mimi nilipe kodi kwa udongo ulio chini ya nyumba yangu?" Wengi huuliza kwa uchungu, kwa sababu wamejenga kwa jasho lao, tofali juu ya tofali, na mabati wameyanunua moja moja. Yafaa tulichunguze swali hili polepole, kwani ndani yake mna ugomvi wa jirani na jirani, wa ndugu na ndugu, na pengine mna damu.

Kwanza tutazame sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali peke yake, wala hauwezi kuuzwa. Basi mtu asemaye kwamba amenunua kiwanja Makiso au Mangobo hakununua udongo. Amepata haki ya kuutumia. Haki hiyo ni ya namna mbili. Ya kwanza haina mwisho, nayo hupewa raia wa Kongo. Ya pili ina muda wake, kama miaka 25, ingawa yaweza kufanywa upya. Hiyo ndiyo wapewayo wageni na makampuni. Cheti cha mtunza hati za ardhi ndicho ushahidi kamili wa haki hizo. Karatasi ya shefu wa mtaa haiwezi kukaa mahali pake.

Fikira hii haikuanza mwaka 1973. Tangu tarehe 1 Julai 1885 Dola la Mfalme Leopold lilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na watu ni yake. Hapo ndipo dhuluma ilipoingia. Msitu wa kuwinda, na shamba lililoachwa lipumzike, vilihesabiwa kuwa vitupu, kumbe vilikuwa na wenyewe. Baadaye, wakati mji huu ukiitwa Stanleyville, Mkongo aliweza kujenga na kukaa, lakini ilipasa kungoja mpaka amri ya mwaka 1953 ndipo afunguliwe njia ya kumiliki ardhi kwa jina lake. Kwa hiyo tusishangae kwamba watu wengi wakisikia maneno "mali ya Leta" hukumbuka fimbo.

Lakini ubaya wa waliotangulia hautoshi kutuonyesha lililo haki. Tufikiri hivi: kwa nini kiwanja kimoja kina bei kubwa, na kingine hakina? Chukua kiwanja kilicho karibu na soko kuu, na kingine kilicho mbali huko Lubunga, ng'ambo ya mto. Udongo ni uleule, na mvua ni ileile. Tofauti ni barabara, soko, shule, bandari, na wingi wa watu wanaopita. Je, mwenye kiwanja ndiye aliyeyafanya hayo? Hasha. Yamefanywa na wote. Basi nyumba ni ya yule aliyeijenga, wala mtu asimnyang'anye. Lakini faida ya mahali yatoka kwa watu wote. Kodi ya udongo, ikiwa ya haki, hairipi kazi ya Mungu. Yawarudishia wote sehemu ya kile kilichotoka kwa wote.

Wazee wetu hawakuwa mbali na fikira hiyo. Mahali pengi mgeni aliyeomba shamba alipeleka zawadi kwa mkubwa wa ardhi. Zawadi ile haikuwa bei. Ilikuwa namna ya kukiri kwamba nchi ina wenyewe, na kwamba yeye amekaribishwa. Nayo Torati iliwakataza Waisraeli kuuza nchi moja kwa moja, kwa sababu mwenyewe ni Mungu, na wao ni wageni wake.

Walakini mapatano huwafunga watu wawili, wala si mmoja. Serikali ikiitwa mlinzi wa udongo, ina deni kwa kila alipaye. Yapasa kodi irudi kwa njia ya barabara, mifereji na shule. Yapasa kiwanja kimoja kisiandikwe kwa majina mawili. Yapasa mtu asiondolewe bila fidia. Tena sheria ile ya mwaka 1973 iliahidi kwamba amri ya Rais itaeleza haki za watu wa vijiji juu ya ardhi yao. Miaka hamsini ilipita bila amri hiyo kutolewa. Katika giza la namna hiyo ugomvi hukua upesi. Mwaka 2023, Wambole na Walengola, waliokaa pamoja kwa vizazi vingi, walianza kuuana upande wa Lubunga kwa sababu ya ardhi iliyopewa kampuni ya kilimo. Wengi walikufa, na maelfu walikimbia makwao. Kumbe suala la udongo si la makarani tu.

Hapo mtu atasema: "Basi, kama Leta hairudishi kitu, mimi nami silipi." Twamwelewa, lakini twamwambia apambanue mambo mawili. Mtu akidaiwa fedha bila risiti, hiyo si kodi, ni rushwa. Akiikataa, hatendi kosa lolote. Lakini kodi iliyoandikwa katika sheria, akiikwepa kwa siri, hamponyi yeyote. Shimo la barabara labaki palepale, na yeye amepoteza neno la kusema mbele ya wakubwa. Afadhali alipe, atunze risiti, kisha yeye na jirani zake waulize pamoja fedha imekwenda wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo kwa raia, na ndivyo ilivyo kwa Serikali.

Limebaki neno moja, nalo ni gumu kuliko yote, kwa kuwa latugusa sisi wenyewe. Mwenye nyumba alalamikaye juu ya kodi ya udongo, yeye anamtendeaje mpangaji wake? Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 yasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Lakini wako watu wadaio sita, hata kumi, maana wanajua mama mwenye watoto hana pa kwenda. Kudai kodi kwa nyumba uliyoijenga ni haki, kwani ni malipo ya kazi. Kuipandisha ghafula kwa sababu barabara imetengenezwa na wote, huko ni kuvuna usichopanda. Naye aachaye kiwanja kiote majani miaka mingi, akingoja bei ipande tu, amesahau kwamba alikipewa akitumie.

Wala tusiwaseme wengine tu. Kwa mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi bure, hektari 100 mpaka 200 kila moja, kwa sharti la kufundisha watoto. Basi misioni nayo yapaswa kujiuliza kama ardhi yake ingali ikifanya kazi iliyotolewa kwa ajili yake.

Ndugu wasomaji, twaeni hati zenu, mzisome tena. Mtaona tarehe, mipaka na masharti. Masharti hayo yatukumbusha kwamba sisi sote tumepanga, mwenye ghorofa na mwenye chumba kimoja. Basi, kabla hatujaidai Leta haki yetu, kila mwenye nyumba aanze leo kumpa mpangaji wake risiti.